Mwosha Maiti na Barua za Vita

Hamadi bin Feruzi alimwibia dada yake. Neno hilo halihitaji kupambwa. Alingoja Sharifa aende Kibombo kuosha maiti ya mwanamke mmoja, kisha akaingia nyumbani kwake mchana kweupe, akapanda kigoda, akautungua mkebe uliokuwa ukining'inia juu ya meko, akaubeba kwapani mpaka mtaa wa Kasuku kwa Bwana Henri, Mbelgiji mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Ndani ya mkebe mlikuwa na barua arobaini na tatu za vita vya zamani, vita vya Waarabu na Wazungu. Moja kati ya hizo ilikuwa ya babu yao. Ilikuwa mwaka 1954, wiki mbili kabla ya Maulidi, na mkebe haujarudi.

Wengi walioisikia habari hii mjini Kindu, katika nchi ya Maniema, walisema ni karatasi tu. Basi inafaa ielezwe zilikuwa karatasi gani, na mwanamke asiyejua kusoma hata jina lake alizipataje.

Babu yao, Mbaraka, alikuwa mtu wa kalamu. Wakati wa vita alikuwa mwandishi wa akida mmoja, Salimu wa Nasoro, aliyekuwa na boma ng'ambo ya Lualaba. Siku moja kabla boma halijaanguka, Mbaraka alivuka mto kwa mtumbwi pamoja na wake wa akida, watoto na majeruhi. Kesho yake askari wa Bula Matari, kama watu walivyoiita serikali ya Wazungu, waliingia bomani, na waliokuwamo hawakutoka. Mbaraka aliishi miaka ishirini na minne zaidi.

Hakuna aliyemlaumu kwa kuvuka. Walimlaumu kwa kutorudi. Mtumbwi ulikuwapo, mto ulikuwa umetulia, bwana wake alikuwa anapigwa, naye akakaa ukingoni akisikiliza bunduki. "Alivuka, hakurudi." Maneno hayo yalimfuata mpaka kaburini, yakamshika mwanawe Feruzi, yakashuka kwa wajukuu. Harusini na siku za Maulidi sinia la kwanza lilipelekwa kwa jamaa za waliokufa bomani. Watu wa Mbaraka walipelekewa sinia la mwisho, wali ule wa chini unaobanduliwa kwa kijiko. Hakuna aliyewafukuza wala kuwatukana. Walipewa sinia lile tu, mwaka baada ya mwaka, na kila mtu aliona limepelekwa wapi.

Sharifa alipokuwa mtoto wa miaka sita alimuuliza babu yake. Mzee alikuwa anachonga kalamu ya tete.

"Babu, kwa nini hukurudi?"

"Niliambiwa nikae."

"Nani alikuambia?"

Mbaraka alipuliza unga wa tete kwenye kidole. "Aliyeniambia hayupo," akasema. Kisha akamwandikia hirizi ya shingoni, na mtoto akamwangalia akiandika. Herufi ya mwisho ya kila neno aliivuta nyuma, mkia wake ukapita chini ya neno zima mpaka ulikoanzia, kama mtu anayetandika mkeka chini ya mgeni. Sharifa hakujua herufi ile inaitwaje. Alijua kwamba hakuna mwingine mjini aliyeivuta hivyo.

Mzee alikufa mwaka uliofuata. Hirizi ilioza kwa jasho na mvua. Ule mkia ulibaki katika macho ya mtoto.

Mwaka 1932 Sharifa alikuwa mke wa mtu na mama. Mwanawe, Kalume, alishikwa na homa isiyoshuka. Mama mkwe alifungua sanduku lake, akatoa karatasi kuukuu. Desturi ilikuwa, na bado ipo, kwamba maandishi ya Kiarabu ni maneno ya Mungu: hayatupwi wala hayakanyagwi. Mtu akiugua, karatasi huoshwa ndani ya sahani mpaka wino uyeyuke, naye hunywa yale maji. Wanayaita kombe. Wenye elimu waliandika aya makusudi kwa zafarani. Wasio na elimu waliosha karatasi yoyote ya zamani waliyoikuta ndani, na hao ndio walikuwa wengi.

Sharifa aliosha, wino ukatoka, mtoto akanywa. Lakini chini ya karatasi ilibaki alama moja ya mviringo, nyekundu iliyoiva, iliyokataa kutoka hata kwa kidole. Aliingiwa na hofu kwamba ameharibu neno la Mungu. Akaifunga karatasi mbichi ndani ya jani la mgomba, akaenda kwa Mwalimu Bulaimu aliyefundisha watoto Kurani, mtu mpole mwenye ugonjwa wa macho.

"Mwalimu, uangalie hii. Iko kitu kinakataa kutoka."

Mwalimu aliinyanyua juani, akaisogeza mpaka ikakaribia kugusa pua yake.

"Umeitoa wapi, mwanangu?"

"Kwa mama mukwe. Njo dawa ya mutoto," akasema, yaani ndiyo dawa ya mtoto.

"Mutoto amekunywa?"

"Amekunywa yote. Hata sahani amelamba."

"Basi amekunywa mapipa mawili ya baruti na risasi mia tatu."

Sharifa alidhani mzee amechanganyikiwa. Mwalimu alikuwa anacheka kimya kimya, mabega yakitikisika.

"Hii si Kurani, mama. Hii ni barua ya vita. Huu mviringo njo muhuri wa mukubwa wao."

"Na homa ya mutoto?"

"Homa gani itangoja mbele ya baruti namna ile? Nenda, utamukuta anacheza."

Kisha akaacha kucheka, maana mistari ilikuwa imebaki kwa umbo hafifu, kijivu juu ya njano, naye akaisoma polepole, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu: "Tuletee kabla ya Ijumaa. Watu wangu wanatia kokoto ndani ya bunduki. Usiseme kesho."

Sharifa alisimama pale na jani la mgomba mkononi. Mtu aliyekufa miaka arobaini nyuma alikuwa ana haraka. Alikuwa bado anaomba, bado anangoja Ijumaa, na sauti yake ilikuwa imekaa miaka yote ile sandukuni kwa mama mkwe, katikati ya vitenge, mpaka yeye Sharifa alipoimwaga kwenye sahani. Alitamani kuomba radhi, akashindwa kujua amwombe nani.

Alipokuwa anarudi, wazo la pili lilimjia, akasimama katikati ya njia. Babu yake alikuwa mwandishi. Wangapi walikuwa wamekunywa maneno ya babu yake? Na kama mtu fulani alimwambia akae, je, hakumwambia kwa maandishi?

Homa ya Kalume ilishuka. Tangu siku ile alikuwa anatafuta mkono mmoja tu, yaani mwandiko mmoja, ule wenye mkia.

Njia yake ilikuwa maiti. Alikuwa tayari anajifunza kuosha wanawake waliokufa, kazi ambayo watu wanaiheshimu na kuikimbia. Mwosha maiti huingia vyumba ambavyo jirani haingii. Yuko pale masanduku yanapofunguliwa kutafutwa sanda, na ndani yake aghalabu kuna karatasi ambazo hakuna aliye hai anayejua kuzisoma. Serikali nayo haikupenda maandishi ya Kiarabu majumbani, kwa hiyo watu walitaka kuzitoa upesi. Walimpa mwosha azizike mahali safi. Kabla ya Sharifa, waosha wote walizika, na Mungu peke yake anajua kilicholala chini ya michungwa ya Kindu.

"Naomba nisizizike," Sharifa alisema kila mara. "Naomba nizitunze."

"Utazifanyia nini, wewe?"

"Nitazitunza tu."

Walimpa. Wengine walimpa pamoja na kicheko. Alikwenda kwa miguu mpaka Kibombo, mpaka vijiji vya njia ya Kama, kuosha wanawake asiowajua, na kitenge cha ujira alikirudisha akaomba karatasi. Alizitia ndani ya mkebe wa biskuti, akautundika juu ya meko ili moshi ufukuze mchwa. Karatasi zikawa na rangi ya samaki mkavu, lakini hazikuliwa.

Kila Ijumaa baada ya sala, Mwalimu Bulaimu alikuja kula kwake wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, na akishanawa alisoma barua moja. Moja tu. Macho yake hayakuweza mbili, na Sharifa mwenyewe hakuweza mbili. Siku moja ilikuwa ya askari aliyeomba chanuo lake la mti lipelekwe kwa mkewe, "maana huku sina nywele tena za kuchana, zimetoka kwa homa." Siku nyingine akida aligombana na akida mwenzake kwa sababu ya ngoma iliyoazimwa ikarudishwa imepasuka, na adui yuko mwendo wa siku mbili. Ilikuwako barua ya maneno manne: "Kaka amekufa. Usimwambie mama." Mwalimu aliikunja, akaaga, akaenda zake.

Sharifa alijua kwamba mama yule naye amekwisha kufa zamani. Hata hivyo wiki nzima alitembea mjini kwa tahadhari, kana kwamba yeye ndiye amekatazwa kumwambia.

Kusoma hakujifunza. Mwalimu alijaribu, lakini herufi zilimchanganya zikitengwa moja moja. Alijifunza kitu kingine. Alijua mikono ya watu kama unavyojua mwendo wa jirani kwa mbali kabla hujauona uso. Mmoja alimwita Bana Haraka, yaani Bwana Haraka, kwa sababu mistari yake ilipanda juu upande wa mwisho. Mwingine alikuwa Choyo, aliyebana maneno asimalize karatasi. Mwalimu alipotaka kumjaribu alimpa barua mpya bila kusema neno, naye aliishika sekunde chache, akasema: "Huyu njo yule wa chanuo. Lakini hapa aliandika amesimama." Mwalimu akasoma, na barua ikasema, "Naandika nimesimama, juu ya kitako cha bunduki." Mzee aliiweka chini, akasema Bismillahi kwa sauti ndogo.

Ilikuwa mwaka 1951 Bwana Henri aliposikia habari zake. Hamadi, mdogo wake Sharifa, alikuwa karani kwenye mashine ya mpunga, na ndiye aliyemwambia bwana wake. Bwana Henri naye alikuwa mkusanyaji. Alimwita Sharifa nyumbani kwake, akampitisha barazani, akamfungulia chumba. Ukutani, ndani ya vioo, zilitundikwa barua za maofisa wa Kizungu wa vita vile vile, karibu zote zikiwa na sahihi.

"Wewe njo mama wa barua?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa kizuri.

"Ndiyo, Bwana."

Alimwonyesha moja aliyoipenda, akamsomea kwa Kiswahili. Luteni mmoja alimwandikia ndugu yake usiku wa kuamkia vita, na ukurasa mzima alilalamikia jino lake. Sharifa aliisikiliza akishangaa. Tangu utotoni watu wa upande ule walikuwa kwake bunduki na kofia. Hakuwahi kufikiri kwamba walikuwa na meno. Alisogea karibu na ukuta, akapita barua hadi barua, mikono nyuma ili asiguse, na mbele ya moja isiyo na sahihi akasimama.

"Hii ni ya yule wa jino."

"Hapana, mama. Hii haijulikani. Niliinunua Ulaya bila jina."

"Ni yeye. Uangalie anavyoanza mustari. Anatia kalamu chini mara mbili kabla ya kwenda, kama muntu anayepima maji kwa muguu."

Bwana Henri aliichukua lenzi. Alikwenda ukuta huu, akarudi ukuta ule. Shingo yake ilibadilika rangi. Alizitungua barua zote mbili, akaziweka mezani bega kwa bega, na wote wawili wakainama juu yake, Mzungu mwenye mashine na mwosha maiti. Kwa muda ule mfupi hakukuwa na mkubwa wala mdogo chumbani. Sharifa alidhani amepata mtu wa namna yake.

"Unauza zako?" Bwana Henri aliuliza mwishoni.

"Niuze nini, Bwana? Watu?"

"Wewe husomi. Unatafuta nini ndani yake?"

"Natafuta mukono wa babu yangu. Wanasema alivuka hakurudi kwa woga. Mimi nataka kujua."

Alimwambia yote, mpaka habari ya mkia. Kwa hiyo Bwana Henri hawezi kusema kwamba hakujua.

Mwaka 1954 alikufa Bi Riziki. Alikuwa mjane wa mwisho wa Salimu wa Nasoro, aliyeolewa akiwa kigoli na kufiwa kabla mwaka haujaisha, mmoja wa wale waliovushwa kwa mtumbwi. Mjukuu wa mumewe kwa mke mkubwa, Halima, ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba ile na kiongozi wa wanawake siku za Maulidi. Huyu Halima alikuwa na namna ya kumwambia Sharifa, mbele ya watu, kwa sauti ya asali: "Sogea nyuma kidogo, dada. Mukeka wa mbele ni wa wenye mashahidi waliokufa bomani."

Siku ile hakusema hivyo, maana alimhitaji. Sharifa alimwosha Bi Riziki kwa maji ya vuguvugu, akamkausha, akamfunga. Alipomaliza, Halima alimletea kifurushi cha kitambaa cheusi.

"Bibi alilala nacho chini ya kichwa maisha yake yote. Ni dua ya babu yangu. Hakuna anayejua kuisoma. Uzike, dada, ama fanya kama unavyofanyaga."

"Umenipa?"

"Nimekupa."

Wanawake wanne walikuwa pale wakisikia.

Sharifa alifungua kifurushi uani, amekaa juu ya beseni lililogeuzwa. Karatasi moja, imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Aliifunua, na ule mkia ukamjia. Ulipita chini ya neno la kwanza mpaka mwanzo wake. Ukapita chini ya neno la pili. Ukurasa mzima ulikuwa umetandikwa. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na alimwona babu yake anapuliza unga wa tete kwenye kidole.

Akaigeuza. Nyuma mlikuwa na mkono mwingine, mnene, wa mtu asiyezoea kuandika mwenyewe, na chini yake muhuri.

Hakungoja Ijumaa. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mwalimu Bulaimu. Mzee alikalia kizingiti ili apate mwanga wote, akasoma upande wa kwanza:

"Ama baada ya salamu, nakuarifu, bwana wangu, watu ulionipa nimewavusha wote, wanawake kumi na tisa, watoto wanane, na majeruhi wanne. Mtu mmoja hakupotea. Bibi Riziki analia lakini anakula. Naomba ruhusa nirudi. Mimi ni mtu wa kalamu, lakini bunduki naweza kuishika, nawe umeniona. Wapiga kasia wawili wako tayari. Nangoja neno lako hapa ukingoni, sitaondoka ukingoni. Mtumwa wako."

Mwalimu akageuza karatasi.

"Usirudi. Hii ni amri. Baruti yetu imebaki ya asubuhi moja. Ukirudi wewe nitapata mtu mmoja, na hao thelathini na mmoja watapotea. Waongoze. Atakayekulaumu, mwambie ni mimi niliyekutuma. Nimeandika kwa mkono wangu kwa sababu mwandishi wangu ni wewe, na uko ng'ambo."

Kuku walikuwa wanachakura uani. Sharifa hakulia. Alijiona kama amesimama kwenye ukingo ule, na karatasi ile inakwenda na kurudi juu ya mto uliojaa moshi, na mtu bomani anajua kwamba kesho hatakuwapo, lakini anakumbuka lawama ya mtu mwingine. Na babu yake, aliyekuwa na neno hili mkononi, neno la kumfungia mtu yeyote mdomo, alimpa mjane kwa sababu lilikuwa maandishi ya mwisho ya mumewe. Alimpa, naye hakurudi kumwomba hata siku moja. Alikula sinia la mwisho miaka ishirini na minne, na ushahidi wake umelaliwa na kichwa cha mwanamke nyumba ya tatu kutoka kwake.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "siku ya Maulidi utasoma hii mbele ya watu wote."

"Nitasoma. Hata macho yakikataa, nitasoma."

Sasa kosa la Sharifa, kama ni kosa. Alikwenda kumwambia mdogo wake, maana Mbaraka alikuwa babu wa wote wawili. Hamadi alisikiliza ameinamisha kichwa. Aliomba kuiona karatasi, akaishika, akaangalia muhuri kuliko maandishi. Akasema, "Ni ajabu, yaya," yaani dada mkubwa, na jioni ile ile Bwana Henri alijua. Bwana Henri alikuwa na sahihi za maofisa ishirini ukutani, na hata moja ya upande wa pili hakuwa nayo.

Siku tatu baadaye Sharifa aliitwa Kibombo. Aliporudi, ndoano juu ya meko ilikuwa tupu, na masizi ya darini yalikuwa na duara safi mahali mkebe ulipokuwa ukigusa. Alimfuata Hamadi kwake.

"Mukebe iko wapi?"

"Yaya, keti kwanza."

"Sikuja kuketi. Mukebe iko wapi?"

"Bwana Henri amezipeleka Ulaya kwa ndege, zipigwe foto. Miezi mitatu zitarudi. Kule watazitia ndani ya kioo, yaya. Si juu ya moshi kama samaki."

"Uliingia nyumbani kwangu."

"Karatasi kwa muntu asiyesoma ni majani tu. Wewe unazinusa, huzisomi."

"Maulidi iko wiki ijayo, Hamadi. Babu yako njo angesimama siku ile."

Hamadi aligeuza uso. "Watu wa sinia ya mwisho hata wasomewe nini watabaki wa sinia ya mwisho. Mimi nataka kutoka pale kwa njia yangu."

Njia yake ilikuwa ukarani mkuu na nyumba ya matofali, na alivipata vyote kabla mvua hazijaisha.

Sharifa alikwenda Kasuku. Bwana Henri alimpokea barazani, si ndani.

"Ndugu yako ni mwanaume wa ukoo," alisema. "Alinipa kwa hiari yake."

"Bwana, ulijua ni za nani. Nilikuambia natafuta nini."

Bwana Henri alitazama mashine yake upande wa pili wa njia, pumba zikiruka juani. "Watafanya kazi nzuri nazo, mama," akasema, akaingia.

Siku ya Maulidi Mwalimu Bulaimu alitimiza ahadi kwa kiasi alichoweza. Alisimama baada ya kisomo, akaeleza alichokiona kwa macho yake, pande zote mbili, neno kwa neno. Upande wa wanawake Halima alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa ile sauti ya asali:

"Mwalimu, karatasi yenyewe iko wapi?"

"Imepelekwa Ulaya."

"Ulaya. Na Ijumaa zote hizi, Mwalimu wetu, umekula kwa nani?"

"Kwa Sharifa," akasema.

"Basi tumesikia. Sombe yake ni tamu, tunajua."

Kicheko kilianza upande wa wanawake, kikavuka kwa wanaume. Mwalimu alitafuta mahali pa kukaa kwa mkono, kama kipofu. Sharifa alimtazama Halima akicheka, na alichoweza kuona ni mtoto mdogo ndani ya mtumbwi, mmoja wa wale wanane, ambaye alikuja kuwa baba yake Halima. Sinia la kwanza lilipita mbele yao likaenda kulikozoea kwenda.

Miezi mitatu ikapita, na miaka mitatu. Mwaka 1957 kitabu kilifika kutoka Ulaya, na Anaclet, mwalimu wa shule ya misheni, jirani wa Sharifa, alikiazima kwa Hamadi akamtafsiria. Ulikuwa mkusanyo wa Bwana Henri, kitabu kilisema, aliyeuokoa kutoka misitu ya Maniema kwa msaada wa karani wake mwaminifu Hamadi. Zilikuwamo picha. Sharifa alifungua kurasa mwenyewe, na kila picha aliitambua kabla Anaclet hajafungua mdomo: Bana Haraka, Choyo, yule wa chanuo. Walikuwa wamesafiri mbali kuliko walivyowahi kufikiri, na bado kila mmoja alitembea mwendo wake. Kisha akaufikia ule mkia.

"Hapa wanasema nini?"

Anaclet alisoma kwanza kimoyomoyo. "Barua namba thelathini na nane. Pande mbili, na muhuri. Mwandishi wa upande wa kwanza hajulikani."

"Anajulikana."

"Mama, njo walivyoandika."

"Nimesikia walivyoandika. Nakuambia wewe, anajulikana."

Mwalimu Bulaimu amekwisha kufa, na mtu mwingine aliyesikia barua ile ikisomwa hayuko ila Sharifa. Bwana Henri ameuza mashine yake na kurudi kwao. Anadaiwa barua arobaini na tatu, na kabla ya zote ile ya thelathini na nane, karatasi yenyewe, kwa kuwa picha haina upande wa nyuma. Anadaiwa pia jina, liandikwe pale walipoandika hajulikani: Mbaraka. Hamadi, anayejua kuandika Kifaransa, anadaiwa barua ya kuidai, na hajaandika hata mstari mmoja. Na siku karatasi itakaporudi anadaiwa kusimama katikati ya watu aseme alitungua mkebe juu ya meko ya nani. Wazee wa msikiti wanadaiwa sinia la kwanza. Halima anadaiwa kukaa kimya mpaka pande zote mbili zimalizike kusomwa, kisha amgeukie Sharifa mbele ya wale wale waliocheka, ataje jina la baba yake mwenyewe, na aseme ni nani aliyemvusha mto.